Kesho Wanakuja Kulichukua Gari la Baba Salma

Jumamosi, Julai. Unyambwa, Singida.

Leo upepo umeamka kabla yangu. Tangu alfajiri unapiga mabati, na baridi ya Julai imenikaa kwenye vidole haitaki kutoka. Nimevaa sweta la mwanangu Salma, aliyeko shule ya bweni, nikajifunga kanga juu yake, na bado ninaandika huku nikipuliza mikono. Moyo nao haujatulia.

Kesho saa nne asubuhi anakuja kijana kutoka Dodoma kulichukua gari la mume wangu.

Mimi ndiye niliyemwita.

Naandika hivyo waziwazi kwa sababu wiki mbili hizi nimekuwa nikiwaambia majirani "tumeamua kuliuza", utadhani tulikaa kikao. Hatukukaa. Nilimpigia kijana wa watu, nikamtumia picha, tukakubaliana, kisha nikaenda barazani kumwambia Baba Salma kwamba gari limepata mtu. Akanitazama. Akasema, "Sawa."

Sawa tu. Mwanamume ambaye miaka kumi na sita hii hakuruhusu mtu aegemee hata bampa ya gari lile.

Kwa asiyelijua: ni gari la michezo, la Kijapani, milango miwili, gia za mkono, jekundu lililopauka. Bado lina namba A, kwa hiyo ni kongwe kuliko ndoa yetu. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha, ila ya kushoto iligoma kuinuka zamani, na jioni likiwashwa taa gari zima hukonyeza. Limeshamkonyeza shehe, limemkonyeza katekista, limemkonyeza mkuu wa shule ninayofanyia kazi ya ukarani. Na liko chini mno. Kila tuta la barabarani lazima ulipande kimshazari, tairi moja baada ya jingine, huku umebana pumzi, na bado eksozi inakwaruza. Ukiagiza klachi pleti kutoka Dar inakuja na basi, unaipokea kwa shangwe, kumbe wameleta ya gari jingine.

Alilinunua kabla hajanioa, msimu mmoja ambao alizeti ilikubali. Ana mashine ndogo ya kukamua mafuta, na kila mtu alimshauri anunue pikapu. Akanunua hili, kisha akalifanyisha kazi za pikapu. Kiti cha nyuma kilibeba magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya kukamua, chakula cha kuku. Kilibeba jogoo waliofungwa miguu kila tulipotoka kusalimia ndugu. Mpaka leo ukifungua mlango unakutana kwanza na harufu ya mashudu, halafu ndiyo gari.

Ugonjwa wake wa kudumu ni betri. Lakini gari la gia za mkono lina uungwana wake: betri ikifa, tafuta mteremko. Unaliachia lishuke, umekanyaga klachi, umeweka gia ya pili, likishika mwendo unaachia klachi, linashtuka na kuamka. Kwa hiyo sisi kila tulipokwenda, harusini, msibani, sokoni, watu walitafuta kivuli na sisi tukatafuta mteremko. Hata kiwanja hiki tulichojenga, wenzake walimuuliza kuhusu maji na umeme. Yeye alisimama katikati ya mawe, akalaza chupa ya maji chini, akaitazama inavyobingirika, akasema, "Hapa hapa."

Kosa lake kubwa kuliko yote alilifanya kwa mama yangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai ubavu kwa ubavu, wanaheshimiana kwa umbali. Sasa mwaka tuliooana mama akaugua kule Issuna. Baba Salma akaenda kumchukua kwa mbwembwe zote, na pale uani ndipo tulipogundua sote kwamba bwana huyu, mwenye mama mkwe, ana gari lisilo na milango ya nyuma. Mbele mama hawezi kukaa, maana kila mkwe akitafuta gia ya kwanza au ya pili mkono unasogea kwenye goti la mama. Nyuma nako hakuingiliki mpaka ukunje kiti cha mbele, uiname, uinue mguu. Mbele ya mkwe!

Mama alisimama robo saa nzima, mgonjwa na mwenye hasira. Mwishowe ikaamuliwa Baba Salma aende nyuma ya nyumba, alitazame zizi, asigeuke mpaka aitwe. Sisi wanawake tukamwingiza mama kwa msaada wa kanga tatu. Akiwa ndani akasema, "Gari gani hili, mtu anaingia kama anaingia kwenye kihenge cha mtama!" Njia nzima mpaka mjini mkwe alitazama mbele kama askari wa gwaride. Tulipofika, mama akashindwa kutoka, ikabidi mkwe ageuke tena, safari hii akitazama ukuta wa hospitali, watu wakimshangaa amefanya nini.

Nimecheka peke yangu nikiandika hapa. Mama alipona, na hajawahi kulipanda tena.

Na mimi? Mimi sikulipenda. Naweza kusema sababu ilikuwa vumbi, au makelele yake, au aibu ya kusukuma gari nikiwa nimevaa vizuri. Ukweli ni kwamba nililionea wivu. Alikuwa anasikia kila kitu linachosema. Katikati ya maongezi yangu anainua kidole, "Hebu sikia," nami nasikiliza sisikii kitu.

Halafu kuna ile siku ya kando ya ziwa Singidani. Chuo cha udereva nilipita na leseni ninayo, lakini nilikuwa nimeshazoea otomatiki la dada yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa Baba Salma akanipeleka kwenye uwanda ule wa ziwani anifundishe. Likanizimikia mara ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, leo najua, lakini alicheka. Nikashuka, nikavua viatu, nikaanza kutembea kurudi nyumbani. Akanifuata kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, akiniomba msamaha mwendo wa kinyonga, na watu wote wa njiani wakitazama sinema ya bure. Sikupanda. Nikaapa sitashika usukani wa gari lile tena maishani.

Nimekishika kiapo hicho kuliko nilivyoshika mambo mengi ya maana.

Desemba iliyopita kiharusi kikampiga Baba Salma upande wa kushoto. Mkono wa kushoto umelegea, mguu wa kushoto anauburuta, mdomo umeshuka kidogo. Maneno anayo, ila yanatoka polepole, na kwa kuwa hapendi kusikika hivyo ameamua kunyamaza. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Hakuna aliyelitamka hilo humu ndani. Gari likabaki pale juu kwenye mteremko wake, fundi akawa anakuja kila baada ya wiki mbili kuliwasha, na kila liliponguruma nilimwangalia mume wangu usoni nikafikiri: linamchoma. Nikaanza kukigeuza kiti chake cha barazani kielekee kwenye mchicha ili asilione.

Ndipo nikampigia yule kijana. Watu watasema ni njaa. Si njaa. Nilitaka kumwondolea kidonda machoni, na sikumuuliza kama ni kidonda.

Leo fundi alikuwa aje saa tatu kuichaji betri. Saa tatu kasoro akanipigia, kafiwa huko Mkalama, yuko njiani. Nikampa pole, nikakata simu, nikalitazama gari. Mteja anatoka Dodoma, anafika, anageuza ufunguo, gari kimya. Aibu gani hiyo! Mteremko upo, ufunguo upo. Nikajisemea nitaliwasha mwenyewe, liungurume kidogo, betri ipate chaji, basi.

Nikatoa mawe chini ya tairi, nikaingia. Ile harufu ya mashudu ikanipokea, na kwa muda mfupi nikawa bibi harusi wa miaka ishirini na saba mwenye viatu mkononi.

Nikawasha swichi, nikaanza kuitafuta gia ya pili. Sikuiona. Nikasukuma huku, nikavuta kule, gia boksi ikasaga mpaka kuku wakakimbia.

"Klachi!"

Nilidhani ni jirani. Sauti ilikuwa kubwa mno.

"Klachi, Mwajuma! Kanyaga yote!"

Baba Salma alikuwa amesimama barazani, ameshika nguzo. Hajaniita kwa jina langu tangu tupate mtoto. Na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu Desemba. Nikataka kushuka nikamshike, akaninyooshea bakora yake: kaa hapo hapo. Akaja mwenyewe, hatua moja, kuburuta, hatua moja. Maji ya chai yangechemka kabla hajafika. Akafungua mlango wa abiria, akajimwaga kwenye kile kiti cha chini, akauinua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuuingiza ndani kama mzigo. Alikuwa anahema. Akafunga mlango.

Mimi nikamwambia ukweli. "Sijui gia ya pili iko wapi."

Mkono wake wa kulia, ule mzima, ukaja juu ya gia. Miaka yote hiyo nilikaa kwenye kiti kile cha abiria na sikuwahi kufikiri kwamba mkono wa kulia wa abiria ndio unaopakana na gia.

"Wewe miguu," akasema, neno moja moja. "Gia niachie mimi."

Nikakanyaga klachi mpaka chini. Akaivuta ya pili bila hata kuitazama. Nikashusha handibreki, gari likaanza kushuka, taratibu, kisha si taratibu, ukuta wa jirani ukawa unakuja, akasema, "Sasa," nikaachia. Likashtuka, likakohoa, likaamka.

Nilipiga kelele kama mwali. Nakiri.

Mpango ulikuwa tukae palepale liungurume. Nani alifuata mpango? Tulipofika kwenye lami akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara ya Manyoni. Likanizimikia mara mbili, bahati barabara ilikuwa bado inateremka. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nione kama atacheka. Hakucheka. Alisubiri tu, mkono juu ya gia, kama mtu mwenye siku nzima. Mara ya tatu tukaondoka.

Mwanzo alikuwa akisema "sasa" kila tulipobadilisha. Kwanza, sasa, pili, sasa. Baadaye akaacha kusema, na mimi nikashtuka kugundua kwamba sikumhitaji aseme. Injini ilikuwa inapandisha sauti, inafika mahali inalalamika, mguu wangu unashuka, mkono wake unasogea, mguu wangu unapanda. Nilikuwa nasikia! Miaka yote ile anainua kidole anasema "hebu sikia", kumbe ndicho hiki. Gia ya nne ilipoingia mawe makubwa ya kando ya barabara yakaanza kukimbia kurudi mjini, alizeti zilizovunwa zimebaki mabua tu pande zote, upepo unatusukuma kutoka ubavuni, na mume wangu anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ule upande mmoja ulikuwa unatosha.

Kabla ya Ikungi trafiki akatusimamisha. Kijana mwenye adabu. Akainama mpaka chini kabisa, maana kulichungulia gari letu ni lazima uiname, akamwamkia mzee shikamoo, kisha akauliza, "Dereva ni nani hapa?"

"Mimi," tukasema. Wote wawili, kwa pamoja.

Akautazama mkono ulio kwenye gia. Akautazama mguu wangu. Akaitaka leseni, nikampa, akaisoma muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Mwishowe akasema, "Mama, geuzeni mrudi nyumbani taratibu," akarudi barabarani akizuia kicheko. Tukageuza. Taratibu, kama tulivyoagizwa. Ila gia ya nne tuliigusa tena.

Tukapanda mpaka kwenye mteremko wetu. Nikazima. Kimya kile cha baada ya injini kuzimwa, ambacho nilikuwa nimekisahau, kikaingia. Baba Salma akapapasa dashibodi akasema, "Mwambie yule kijana, ya tatu haitaki haraka. Aibembeleze."

Nikaanza kulia juu ya usukani. Kwikwi kabisa.

Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza wiki mbili zilizopita kama ningekuwa na akili. "Wewe unataka liuzwe?"

"Wewe ndiye umechoka nalo."

"Nilidhani linakuumiza ukiliona. Mpaka kiti nikakugeuzia."

Akanitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Kila siku ukienda kazini nakigeuza tena," akasema. "Kwa mkono mmoja. Nusu saa."

Na mimi kila jioni nilikikuta kimegeuka, nikadhani ni wageni.

Lakini hakusema tulibakize. Nilisubiri aseme. Akasema, "Gari la kukaa tu si gari. Mpe kijana," akafungua mlango, nikazunguka kumtoa, na shughuli ya kumtoa ikatupotezea maneno yote. Mama yangu aliona mbali: ni kihenge kweli. Nilimvuta, akajisukuma, tukaanguka nusu, tukacheka, tukafika kitandani hoi.

Mchana wote nimekuwa nikizunguka na simu mkononi. Nikajiambia mume amesema, basi amesema. Nikajiambia alisema hivyo kwa ajili yangu. Nikajiambia nikilizuia nitakuwa nimemwamulia kwa mara ya pili, na hii tabia ya kuwaamulia watu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kijana naye ameshafika Manyoni, analala kwa shangazi yake, kaniandikia kwamba kesho ataanza safari mapema. Nitamwambia nini?

Nikapika uji wa ulezi. Kabla ya magharibi nikampelekea chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Kuna mtu wa mazoezi ya viungo ambaye tangu Januari anambembeleza Baba Salma ausukumie ukutani mguu ule wa kushoto, kila siku, japo mara ishirini. Baba Salma hajakubali hata siku moja. Amekuwa akigeukia ukuta na kujifanya amelala, na mimi nimeshagombana naye, nimeshamlilia, nimeshamtishia kumpigia mama.

Nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu amevaa. Wayo wa mguu wa kushoto uko kwenye ubao wa kabati. Unasukuma. Unatetemeka, unafika mahali, unasimama. Kisha anauachia polepole, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyoachia ili gari lisimzimikie. Anapumzika. Anasukuma tena. Mkono wa kulia uko juu ya goti, na kila mguu unapofika mwisho vidole vinasogea kidogo, kwenda mbele, kurudi nyuma.

Hakuniona. Nikaurudisha uji jikoni.

Sasa hivi nimeacha kalamu, nimetoka nje nikampigia yule kijana. Upepo ulikuwa unameza maneno, ikabidi nipaze sauti. Nimemwomba radhi, nimemwambia asije, gari haliuzwi. Nilimwonea huruma kwa kweli. Akaniuliza kama nimepata mteja mwingine.

"Ndiyo," nikamwambia. "Yuko ndani, anajaribu klachi."